Faili ambalo halikukua kwa siku 23: kisa cha SQLite katika duka la jumla

Mazingira

Duka hili liko katika mji wa mpakani, mashariki mwa Uganda. Linauza kwa jumla sukari, mafuta ya kula, sabuni, chumvi na unga. Wateja wake ni wenye vioski na wachuuzi, wengine wakivuka asubuhi kutoka upande wa Kenya na kurudi jioni na mzigo. Wengi hununua kwa mkopo, kwa hiyo kila risiti ya mkopo hubeba chini yake salio la deni la mteja. Chochote kinachoweza kulitambulisha duka kimeondolewa.

Kwa siku hutoka risiti kama 900 kutoka kaunta nne. Kaunta zote hutumia kivinjari na huzungumza na kompyuta moja ndogo ya Linux iliyo ofisini, yenye kumbukumbu ya GB 4 na diski ya kuzunguka. Programu imeandikwa kwa Python, na data yote imo ndani ya SQLite, hifadhidata isiyohitaji seva yake yenyewe: ni maktaba inayoishi ndani ya programu, na faili moja kwenye diski. Kwa duka la ukubwa huu ni chaguo zuri, na hakuna kilichotokea hapa kinachobatilisha uchaguzi huo.

Hifadhidata iliwekwa katika hali ya WAL (kifupi cha write-ahead log), ambayo SQLite imekuwa nayo tangu toleo 3.7.0 la mwaka 2010. Bila kuielewa hali hii kisa chote hakieleweki. Katika WAL, mauzo mapya hayaandikwi moja kwa moja ndani ya `duka.db`. Huongezwa mwishoni mwa faili la pembeni, `duka.db-wal`. Baadaye kazi iitwayo chekipointi huyahamishia kwenye faili kuu. Isipobadilishwa, huanza yenyewe WAL inapofikisha kurasa 1,000, yaani kama MB 4 kwa kurasa za baiti 4,096. Ni kama karani anayeandika mauzo ya mchana katika daftari dogo, kisha akayahamishia leja kuu. Ila kuna sharti moja: akiwapo mtu ambaye bado anasoma leja jinsi ilivyokuwa saa nne, karani haruhusiwi kuandika humo chochote cha baada ya saa nne mpaka huyo msomaji afunge na kuondoka. Naye msomaji halazimishwi na yeyote kuondoka.

Michakato miwili iligusa faili hilo: huduma ya mauzo inayohudumia kaunta, na skrini ya mwenye duka inayomwonyesha orodha ya risiti za karibuni.

Dalili

Risiti iliyokuwa ikitoka chini ya sekunde moja ilianza kuchukua sekunde tatu, kisha sita, kisha saba. Mteja asiye na deni, anayelipa taslimu, alihudumiwa haraka kama zamani. Waliochelewa ni wale wa mkopo. Mara mbili tatu kwa siku kaunta mojawapo ilionyesha `database is locked` na muuzaji akalazimika kuipiga risiti upya.

Kulikuwa na dalili nyingine mbili ambazo hakuna aliyezihesabu kuwa dalili. Risiti zilichapisha namba ya simu ya mteja bila sifuri ya mwanzo, 772 badala ya 0772, na wauzaji walikuwa wamezoea kuiongeza kwa kalamu. Na kijana wa stoo, ambaye kila jioni alinakili `duka.db` kwenye flashi, alikuwa amegundua kwamba kunakili kunachukua muda uleule kila siku. Duka linauza risiti 900 kwa siku, lakini faili lake haliongezeki hata kidogo.

Yaliyojaribiwa kwanza

Kumbukumbu iliongezwa kutoka GB 2 hadi GB 4. Kasi ilirudi kwa siku chache, ikapotea tena.

Iliongezwa faharasa (index, orodha iliyopangwa ya kutafutia haraka) kwenye safu ya simu katika jedwali la miamala. Haikubadilisha chochote, na hilo likawafanya waamini kwamba tatizo haliko kwenye maulizo, yaani maombi ya data kwa hifadhidata.

Kisha ikapigwa `VACUUM`, kwa matumaini kwamba kulipanga upya faili kutalipa wepesi. Katika hali ya WAL, `VACUUM` huandika hifadhidata nzima upya kupitia faili la WAL. Chekipointi ilikuwa imeshakwama, kwa hiyo kazi hiyo ilirundika karibu kurasa 150,000, zaidi ya MB 600, juu ya mzigo uliokuwapo. Asubuhi yake mambo yalikuwa mabaya kuliko jana.

Jambo pekee lililosaidia kila mara lilikuwa kuzima kompyuta na kuiwasha. Kwa zaidi ya mwaka kazi hiyo ilifanywa na umeme wenyewe: ulikatika mara kadhaa kwa wiki, kila kitu kikaanza upya. Mwenye duka alipofunga betri na sola, kompyuta ikakaa siku 23 mfululizo bila kuzimika. Kasoro ilikuwepo tangu skrini ya ripoti ilipowekwa. Kukatika kwa umeme ndiko kulikokuwa kukiifunika.

Siku ya uchunguzi

Fundi aliyeitwa kwanza alifungua folda na kukuta hivi:

```
duka.db        MB 610
duka.db-wal    GB 2.35
duka.db-shm    MB 4.6
```

Faili la pembeni, `-wal`, lilikuwa karibu mara nne ya faili kuu. Lile la `-shm` ni orodha ya kuulizia kilichomo ndani ya WAL. Akamgeukia mwenye duka.

"Haji, hili faili ni uchafu wa mashine. Tulifute, utaona itakavyokimbia."

Kijana wa stoo alikuwa amesimama nyuma yao na flashi mkononi. "Kaka, samahani. Mbona huo uchafu ndio wenye tarehe ya leo, na faili lenyewe ni la mwezi uliopita?"

Swali hilo liliokoa duka. `duka.db` lilikuwa halijaguswa kwa siku 23. Mauzo yote ya siku hizo, madeni yote, malipo yote, yalikuwa ndani ya WAL peke yake. Kulifuta kungeyafuta bila onyo lolote: SQLite ingelifungua faili kuu kama kawaida, na duka lingerudi lilivyokuwa wiki tatu nyuma.

Hapo ndipo wakafungua nakala ya jana kwenye laptopu na kuuliza:

```
SELECT max(muda) FROM risiti;
```

Jibu lilikuwa risiti ya siku 23 zilizopita, saa nne na dakika 12 asubuhi. Flashi ilikuwa na mafaili 23 yenye tarehe 23 tofauti, na yote yalikuwa faili lilelile.

Walipouliza hali ya chekipointi kwenye hifadhidata inayofanya kazi:

```
PRAGMA wal_checkpoint(PASSIVE);
0|571204|640
```

Namba ya pili ni fremu zilizomo katika WAL, ya tatu ni zile zilizokwisha kuhamishiwa faili kuu. Fremu moja ni ukurasa wa baiti 4,096 pamoja na kichwa cha baiti 24; 571,204 mara 4,120 ndiyo hiyo GB 2.35. Kati ya hizo, 640 tu ndizo zilizovuka. Inafaa kukumbuka kwamba ukubwa wa faili la WAL peke yake si ushahidi, kwa sababu baada ya chekipointi kukamilika SQLite huanza kuandika tena mwanzoni mwa faili lilelile bila kulipunguza. Ushahidi ni pengo kati ya namba ya pili na ya tatu, na pengo hilo kutopungua ukiuliza tena baada ya nusu saa.

Kuna msomaji aliyesimama kwenye fremu ya 640. `lsof duka.db`, amri inayoonyesha nani amelifungua faili, ilionyesha michakato miwili ileile. Ulizo la skrini ya ripoti liliandikwa hivi:

```
SELECT ... FROM risiti ORDER BY muda DESC;
```

Programu ilivuta mistari 50 ya kwanza, ikaacha ulizo likining'inia ili mwenye duka akibonyeza "endelea" ipate 50 inayofuata. Kila kichupo cha kivinjari kilikuwa na muunganisho wake. Haji alifungua kichupo kimoja asubuhi ile saa nne, hakukifunga, wala hakubonyeza "endelea". Kwa SQLite, ulizo ambalo halijafika mwisho wala kufungwa ni usomaji unaoendelea, hata kama aliyeliuliza alishakwenda kula.

Sehemu ya pili ya uchunguzi ilikuwa ulizo la salio. Kwa `EXPLAIN QUERY PLAN`, SQLite huonyesha mpango wake wa kulijibu:

```
EXPLAIN QUERY PLAN
SELECT sum(m.kiasi) FROM wateja w
JOIN miamala m ON m.simu = w.simu
WHERE w.id = ?;

|--SEARCH w USING INTEGER PRIMARY KEY (rowid=?)
`--SCAN m
```

`SCAN m` maana yake jedwali zima la miamala linapekuliwa kwa ajili ya mteja mmoja. Lilikuwa na mistari kama 560,000, na kila mstari ulibeba maandishi ya risiti nzima, jumla MB 380 hivi. Faharasa ya simu ilikuwepo pale na haikuguswa.

Sababu ilikuwa imechapishwa kwenye kila risiti. Katika `miamala`, safu ya simu ilitangazwa `TEXT`, yaani maandishi. Katika `wateja` ilitangazwa `NUMBER`, neno ambalo SQLite hulichukulia kuwa NUMERIC, yaani tarakimu, na NUMERIC hugeuza '0772…' kuwa 772…; sifuri hupotea siku namba inapoingizwa. SQLite inapolinganisha safu ya NUMERIC na ya TEXT, huigeuza ya TEXT kuwa tarakimu kwanza. Kwa hiyo ulinganisho ulifaulu na salio lilikuwa sahihi wakati wote. Lakini faharasa imepangwa kwa mpangilio wa maandishi, na haiwezi kutumika kutafuta tarakimu. Jibu sahihi ndilo lililoficha kasoro.

Mambo hayo mawili yalipokutana ndipo sekunde saba zilipopatikana. Upekuzi wa MB 380 huvumilika faili likiwa limelala ndani ya kumbukumbu. WAL ya GB 2.35 ililisukuma nje, diski ikawa inasomwa upya. Zaidi ya hapo, kwa kila ukurasa msomaji hulazimika kwanza kuuliza kama kuna toleo jipya lake ndani ya WAL. Orodha ya kuulizia hugawanywa katika mafungu ya fremu 4,096, na ukurasa hutafutwa fungu kwa fungu mpaka upatikane, hapa hadi mafungu kama 140, kwa kila mmoja wa kurasa zaidi ya 90,000.

Maamuzi na sababu zake

Kwanza ilikuwa nakala, kabla ya kuzima chochote. Kuna waliotaka kusimamisha huduma mara moja, wakijua muunganisho wa mwisho ukifungwa SQLite hupiga chekipointi yenyewe. Ni kweli, lakini diski ilikuwa ya zamani, na kazi kubwa ya kuandika ilikuwa inaingojea ikiwa na siku 23 ambazo hazikuwa na nakala popote duniani. Wakatumia njia inayosoma faili kuu na WAL kwa pamoja:

```
sqlite3 duka.db "VACUUM INTO '/media/flashi/duka-kamili.db'"
```

Amri hii ipo tangu toleo 3.27.0 la 2019. Nakala ikafunguliwa kwenye laptopu, `PRAGMA integrity_check` ikajibu `ok`, na `max(muda)` ikatoa risiti ya dakika chache zilizopita. Ndipo kazi ikaendelea.

Pili, wakasimamisha skrini ya ripoti peke yake na kuiacha huduma ya mauzo. Hili lilikuwa jaribio, maana kama chekipointi ingefunguka baada ya hapo, mshukiwa angekuwa amethibitika. `PRAGMA wal_checkpoint(TRUNCATE)`, ambayo kabla ya hapo ilijibu namba ya kwanza ikiwa 1, yaani imezuiwa, sasa ilifanya kazi kwa dakika kadhaa na kujibu `0|0|0`. WAL ikashuka hadi baiti sifuri.

Tatu, ulizo la ripoti likaandikwa upya na `LIMIT 50`, likivutwa lote na kufungwa papo hapo. Ukurasa unaofuata huombwa kwa kushika muda na id ya risiti ya mwisho iliyoonyeshwa:

```
WHERE (muda, id) < (?, ?) ORDER BY muda DESC, id DESC LIMIT 50
```

`OFFSET` ilikataliwa kwa sababu huhesabu na kutupa mistari yote ya nyuma kila mara. Id imeongezwa kwa kuwa kaunta mbili huweza kutoa risiti ndani ya sekunde moja, na muda peke yake ungeruka mojawapo.

Nne, safu ya simu. Jaribio la kwanza lilikuwa `CAST(w.simu AS TEXT)`, yaani kuigeuza simu ya `wateja` kuwa maandishi ndani ya ulizo. Mpango wa ulizo ukageuka kuwa mzuri, faharasa ikatumika, jibu likaja kwa kufumba na kufumbua, na salio la wateja wote likawa tupu. '772…' si '0772…', na `sum` ya mistari isiyokuwepo hutoa NULL, yaani hakuna thamani. Kwa bahati njema lilijaribiwa kwenye nakala. Kaunta zingelitumia siku moja tu, wachuuzi wote wangeondoka wakidhani wamesamehewa.

SQLite haina amri ya kubadilisha aina ya safu, kwa hiyo jedwali la `wateja` lilijengwa upya jioni baada ya kufunga: jedwali jipya lenye `simu TEXT`, data ikahamishwa, la zamani likaondolewa, jipya likapewa jina lake, yote ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata. Sifuri zilirudishwa kwa kanuni: namba ya tarakimu 9 iliongezwa '0' mbele, na ya tarakimu 12 inayoanza na 256 au 254 iliongezwa '+'. Namba 11 hazikuingia katika kanuni yoyote na zilisahihishwa kwa mkono. Kabla ya kuthibitisha, jumla ya madeni ya kila mteja kwa ulizo la zamani ililinganishwa na la jipya, mstari kwa mstari.

Faharasa nayo ikabadilishwa kuwa ya safu mbili, `miamala(simu, kiasi)`. Kwa kuwa kiasi kimo ndani ya faharasa yenyewe, ile mistari minene yenye maandishi ya risiti haiguswi kabisa:

```
`--SEARCH m USING COVERING INDEX miamala_simu_kiasi (simu=?)
```

Tano, `database is locked`. Python hungoja sekunde 5 kabla ya kukata tamaa, lakini kosa hili lilitokea papo hapo. Papo hapo ndiyo fununu yenyewe. Huduma ilianza kwa kusoma stoo, kisha ikataka kuandika, na katikati kaunta nyingine ikawa imeshaandika. Aliyesoma hali ya zamani hawezi kuruhusiwa kuandika juu yake, na kungoja hakumsaidii. Muamala wa kuuza sasa huanza na `BEGIN IMMEDIATE`, yaani huomba zamu ya kuandika kabla ya kusoma.

Matokeo

Risiti ya mkopo ilirudi chini ya sekunde moja, na salio lenyewe hupatikana kwa milisekunde chache. WAL imekuwa ikicheza kwenye MB 4 hadi 6. Kosa la kufuli halijaonekana tena. Namba za simu zinachapishwa kamili.

Hakuna data iliyopotea, ila nakala 23 zilitupwa.

Kilichofaa na kilichoshindwa

Kilichofaa zaidi ni mpangilio wa kazi: nakala iliyohakikishwa, kisha kumwondoa mshukiwa mmoja kwa wakati, kisha marekebisho. Laiti wangerekebisha kwanza lile ulizo la salio, risiti zingekuwa za haraka hata na WAL ya GB 2.35, malalamiko yangeisha, na nakala zingeendelea kuwa za zamani mpaka siku diski itakapokufa. Katika kisa hiki uchelewaji ulikuwa tatizo dogo kati ya mawili, lakini ndio pekee uliopiga kelele.

Nakala akiba zilishindwa kwa sababu mbili zilizo tofauti. Kunakili `duka.db` peke yake ni kosa wakati wowote WAL ina kitu, hata cha dakika kumi. Kunakili mafaili yote kwa `cp`, amri ya kawaida ya kunakili, huku mauzo yakiendelea pia si salama, kwani faili moja laweza kunakiliwa kabla ya mabadiliko na jingine baada yake. Lakini hata njia mbovu ingegunduliwa siku ya kwanza kama nakala ingefunguliwa. Ndiyo maana kijana wa stoo sasa hufanya mambo mawili kila jioni: huendesha `VACUUM INTO` kwa jina jipya lenye tarehe (amri hukataa kuandika juu ya faili lenye kitu), kisha huuliza `max(muda)` kwenye nakala hiyo na kuandika jibu katika daftari la stoo, sambamba na muda wa risiti ya mwisho aliyoishika mkononi.

Faharasa iliyoongezwa bila kuangalia `EXPLAIN QUERY PLAN` ilileta hasara kubwa kuliko kutoongeza kitu, kwa kuwa iliwafanya watu waache kutafuta mahali sahihi. Kuangalia mpango kabla na baada kungechukua dakika moja.

Kuhusu safu ya simu: namba ya simu haijumlishwi wala haigawanywi, na kitu kisichojumlishwa hutangazwa `TEXT`. SQLite haitakataa neno `NUMBER`. Italipokea na kulitafsiri kwa namna yake. Ingekuwa bora zaidi `miamala` ishike id ya mteja badala ya simu, maana mteja hubadilisha laini. Hilo liliahirishwa, kwa sababu programu nzima ingeguswa na duka lilikuwa linaelekea msimu wa sikukuu.

Kilichobaki ni kujua mapema ikiwa msomaji mwingine atakwama. Huduma ya mauzo sasa hupiga `wal_checkpoint(PASSIVE)` kila saa na kutoa pengo kati ya namba ya pili na ya tatu. Likizidi 20,000, kiasi cha siku moja ya mauzo, kaunta ya kwanza huonyesha ujumbe mwekundu wenye maneno matatu: "Mwite wa stoo."